Ziwa Tanganyika Halisomwi kwa Msimu

Usiku wa giza la mwezi, upande wa ziwa unaotazamana na Ruziba, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, wavuvi huwasha taa ili ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, wapande juu na kunaswa. Taa ile ni nishati, ndagala ni chakula, na ziwa hilohilo ndiko Regideso, shirika la maji na umeme la Burundi, inakovuta sehemu kubwa ya maji ya mji. Vyuo vikuu vinavyotaka kushirikiana katika maji, nishati na chakula havina haja ya kuhangaika kutafuta pa kuanzia. Hata hivyo, historia ya utafiti wa ziwa hili ina onyo: ushirikiano huzaa matunda pale tu vipimo vinapoendelea baada ya watafiti wageni kufungasha, na vinapobaki mikononi mwa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba joto limepunguza uzalishaji wa mwani ziwani kwa karibu asilimia 20, hali inayoweza kushusha mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, na pepo za kiangazi hushindwa kuyachanganya na yale ya chini yenye rutuba. Mwani ukipungua, vijidudu vinavyoliwa na ndagala hupungua pia. Mwaka 2006 Jouko Sarvala wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, na wenzake walipinga: mabadiliko ya samaki wanaovuliwa yametokana hasa na namna ya kuvua, si hali ya hewa. Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichimba tope la sakafu ya ziwa na kuonyesha kuwa samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri.

Mabishano haya yanamhusu mlaji moja kwa moja. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Ikiwa kosa ni la nyavu, mapumziko hayo ni dawa. Ikiwa ni la joto, mvuvi atalala njaa miezi mitatu na ziwa lisipone sawasawa. Ikiwa ni yote mawili, lazima tujue kila moja lina uzito gani, na hilo hujulikana kwa vipimo vya miaka mingi mfululizo. Mradi mkubwa wa FAO uliogharimiwa na Finland, ulioanza mwaka 1992, ulipima maji Bujumbura, Kigoma nchini Tanzania na Mpulungu nchini Zambia, kisha muda wake ukaisha. Watafiti wa Ubelgiji waliofuata waliweka nguvu zao Kigoma na Mpulungu, si Bujumbura.

Wapo watakaosema kuwa mama anayeanika ndagala anahitaji kichanja, si tasnifu. Ni kweli kwamba vichanja vilivyoenezwa na FAO nchini Burundi tangu 2004 vimewainua samaki kutoka mchangani na kupunguza wanaoharibika. Lakini kichanja hakiwezi kueleza kwa nini kinachoanikwa kinapungua. Wengine watasema Chuo Kikuu cha Burundi hakina fedha, na bila mfadhili hakuna utafiti. Kuchimba tope la vilindini ni ghali kweli, na hapo mgeni ana nafasi yake. Lakini kupima joto la maji na kuchota mwani kila wiki kunahitaji mashua, vifaa vichache na wanafunzi wanaopokezana mwaka hadi mwaka. Mahali pa kuhifadhi takwimu pia papo: Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa nchi nne wa mwaka 2003, ina makao yake Bujumbura. Basi kila mkataba wa ushirikiano ueleze wazi nani atapima, na kwa fedha ya nani, mwaka mmoja baada ya mfadhili kuondoka. Usiojibu hilo usitiwe saini.