Gurudumu la Trekta Dogo: Jinsi ya Kuchagua na Kubadilisha Tairi na Rimu

Mvua za kwanza zimenyesha, udongo umelainika, na shamba la shule linangoja kulimwa. Trekta dogo linaingia shambani likikokota jembe lake. Baada ya hatua chache tu, magurudumu ya nyuma yanazunguka pale pale, yakichimba mashimo na kurusha tope. Injini inanguruma na mafuta yanateketea, lakini kazi haiendi. Dereva anateremka, anayatazama matairi, na kuona kwamba yamekuwa vipara. Ni lazima yabadilishwe, tena upesi, kwa kuwa msimu haumsubiri mtu.

Je, yanunuliwe matairi ya namna gani? Fundi mmoja ashauri yanunuliwe makubwa zaidi, ili trekta lipate nguvu. Mwingine aseme tairi lolote litakaloingia kwenye rimu linafaa. Ushauri wote huu wa mawili waweza kuiingiza shule katika hasara, na mara nyingine katika maafa. Katika makala hii tutaona kwamba gurudumu la trekta ni somo zima la fizikia, na kwamba mwanafunzi mwenye futi kamba na kalamu aweza kuamua jambo hili vyema.

Tairi la upepo lilianzaje?

Matrekta ya mwanzo yalitembea kwa magurudumu ya chuma yenye miiba. Yalishika udongo vizuri, lakini yaliharibu barabara na kumtikisa dereva mpaka mifupa ikamuuma. Wazo la tairi lenye upepo lilikuwapo tangu mwaka 1845, Robert William Thomson alipopata hati ya uvumbuzi huko Uingereza, nalo likaanza kuenea baada ya John Boyd Dunlop kulitumia kwa baiskeli mjini Belfast mwaka 1888. Hata hivyo, wakulima walingoja hadi mwaka 1932, kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilipoanza kuwauzia trekta lake la Model U likiwa na matairi ya upepo. Miaka michache baadaye magurudumu ya chuma yalikuwa yakitoweka mashambani.

Kwa nini upepo ulishinda chuma? Jibu limo katika kanuni tunayoifahamu sote: kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tuseme trekta letu lina tungamo la kilo 1,200, na asilimia 60 ya uzito wake imelalia magurudumu mawili ya nyuma. Kila gurudumu la nyuma litabeba kilo 360, yaani uzito wa nyutoni 3,600 hivi. Tairi likijazwa upepo wa kilopaskali 200, eneo linaloigusa ardhi litakaribia sentimeta za mraba 180. Upepo ukipunguzwa hadi kilopaskali 100, tairi litabonyea na eneo litakaribia sentimeta za mraba 360. Hesabu hii ni ya makadirio, kwani ugumu wa kuta za tairi nao huchukua sehemu ya mzigo, lakini fundisho lake ni la kweli: upepo mwingi hukandamiza udongo na kupunguza mshiko. Udongo uliokandamizwa haunywi maji vizuri, na mizizi hupenya humo kwa shida.

Hata hivyo, tusivuke mpaka upande wa pili. Tairi lenye upepo haba kupita kiasi hujikunja mno kila linapozunguka, hupata joto, huvunjika nyuzi zake za ndani, na huweza kuteleza juu ya rimu hata likang'oa vali ya mpira wa ndani. Kiasi kinachofaa hutolewa na mtengenezaji wa tairi kulingana na mzigo na mwendo. Kipimwe kwa geji asubuhi, kabla tairi halijapata joto. Kulipiga tairi teke si kipimo.

Meno ya tairi na kazi ya trekta

Ubavuni mwa matairi mengi ya trekta huandikwa herufi na tarakimu zinazoonyesha aina ya kashata, yaani meno yake. R-1 ni tairi la kawaida la shambani. Meno yake ni marefu, yamewekwa mshazari na kuachana, ili tope lipate njia ya kutoka. R-2 lina meno marefu zaidi, karibu mara mbili ya yale ya R-1, nalo ni la majaruba ya mpunga na mashamba ya miwa yaliyolowa. R-3 lina meno mafupi yaliyosongamana; hufaa penye nyasi, kama uwanja wa michezo, kwa kuwa halichani majani, lakini katika tope hujaa na kuwa laini kama sabuni. R-4 ni la kazi za ujenzi na upakiaji: kuta zake ni ngumu, meno yake ni mapana, na huvumilia mawe na ardhi ngumu. F-2 ni tairi la mbele lenye mifuo inayolizunguka, kwa matrekta ambayo magurudumu yake ya mbele huongoza njia tu bila kuvuta.

Basi swali la kwanza si bei, bali kazi. Shule inayolima mahindi katika udongo tifutifu itafute R-1. Mkulima wa mpunga wa bonde la Usangu, au wa skimu ya Mwea kule Kenya, ana sababu ya kufikiria R-2. Lakini mwenye R-2 akiliendesha trekta kila siku kwenye barabara ya changarawe atayamaliza meno hayo upesi, kwani mzigo wote hubebwa na ncha chache za mpira.

Kusoma vipimo

Tairi lililoandikwa 8.3-24 lina upana wa inchi 8.3, nalo huvaa rimu ya kipenyo cha inchi 24. Kistari kilicho katikati huonyesha kuwa nyuzi zake zimepishana mshazari. Tairi lililoandikwa 280/85R24 lina upana wa milimeta 280. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 85 ya upana huo. R huonyesha kuwa ni la radiali, ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo. Na rimu yake ni ya inchi 24. Tairi la radiali hubonyea kwa urahisi zaidi na kuigusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, ila bei yake huwa juu. Aina hizi mbili zisichanganywe katika ekseli moja.

Matairi mengi huwa pia na tarakimu nne za tarehe: 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Mnunuzi wa tairi lililotumika azitafute tarakimu hizo, kisha aukunje ubavu kidogo na kutazama nyufa. Jua na hewa huuchosha mpira hata kama meno yangali marefu.

Rimu nayo ina vipimo vyake. Kipenyo kilingane na cha tairi bila tofauti yoyote. Upana uwe katika mipaka iliyowekwa na mtengenezaji wa tairi: rimu nyembamba mno huufanya uso wa tairi uvimbe katikati, na rimu pana mno huzinyoosha kuta zake. Kisha huangaliwa idadi ya matundu ya boliti, kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo, ukubwa wa tundu la habu, na umbali kati ya kisahani na mstari wa katikati ya rimu. Umbali huu ndio uamuao kama magurudumu yatakaa mbalimbali au yatakaribiana. Yakikaribiana mno, trekta hupinduka upesi kwenye mteremko.

Hatari ya kununua tairi kubwa

Sasa turudi kwa fundi aliyeshauri matairi makubwa ya nyuma. Trekta dogo la shule yetu huvuta kwa magurudumu yote manne. Kwa kuwa magurudumu ya mbele ni madogo, gia huyazungusha mara nyingi zaidi. Tuseme gurudumu la nyuma likizunguka mara 1, la mbele huzunguka mara 1.60. Gurudumu la nyuma husogea meta 3.00 kwa kila mzunguko, na la mbele meta 1.95. Basi wakati la nyuma limesogea meta 3.00, la mbele lataka kusogea 1.95 × 1.60, yaani meta 3.12. La mbele limetangulia kwa asilimia 4. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: magurudumu ya mbele yavute kidogo mbele ya yale ya nyuma, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 5.

Tukiweka nyuma matairi yanayosogea meta 3.30, ya mbele yatabaki na meta 3.12 zake. Sasa yamechelewa kwa asilimia 5 na zaidi. Badala ya kuvuta, yamekuwa breki. Matairi ya mbele yatalika upesi, mafuta yatapotea, na gia zitabeba mvutano ambao hazikuundiwa. Gharama ya kuzitengeneza yaweza kuzidi bei ya matairi yote manne.

Wala nguvu haikuongezeka. Msokoto wa ekseli ni ule ule, lakini nusu kipenyo kimekua kwa asilimia 10. Kani ya kuvuta inapungua kwa asilimia 9 hivi, huku mwendo wa kila gia ukiongezeka. Trekta nalo limeinuka, na kitovu cha uzito kimepanda. Kwa hiyo kanuni ni hii: ukibadilisha ukubwa wa matairi ya ekseli moja, piga hesabu ya ekseli ya pili kabla hujatoa fedha.

Kubadilisha gurudumu

Kazi hii ifanywe na fundi au mtu mzima aliyefundishwa. Wanafunzi watazame kwa mbali. Trekta lisimamishwe mahali tambarare na pagumu, zana ziteremshwe chini, breki ifungwe, ufunguo utolewe, na magurudumu yanayobaki yawekewe vizuizi mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini. Ekseli ya mbele ya trekta huchezacheza kushoto na kulia. Kabla ya kuinua upande wa nyuma, ekseli hiyo itiwe kabari za mbao pande zote mbili. Jeki iwekwe chini ya ekseli, na stendi imara zifuate mara moja. Mtu asiingie chini ya trekta lililoshikwa na jeki peke yake.

Ikiwa tairi limejazwa maji ili kuongeza uzito, ikumbukwe kuwa kila lita ni kilo moja: lita 80 ni kilo 80 zaidi, zenye kumwangukia mtu. Maji hayo kwa kawaida hayapiti robo tatu ya ujazo wa tairi, ili upepo upate nafasi ya kubonyea.

Tairi likitolewa kwenye rimu, rimu isuguliwe kutu na kukaguliwa nyufa. Ukingo wa tairi upakwe maji ya sabuni, si grisi wala oili, maana hizo huudhuru mpira. Tairi la kuvuta lina mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Likiwekwa sawasawa, ncha ya katikati ya meno hutangulia kugusa ardhi, na tope husukumwa kwenda nje.

Kujaza upepo ndiyo hatua yenye hatari kuliko zote. Wakati wa kukalisha kingo, upepo usipite kilopaskali 240, yaani paundi 35 kwa inchi ya mraba. Kwa kiasi hicho, kipande cha ubavu cha sentimeta 20 kwa 20 husukumwa kwa nyutoni 9,600, karibu sawa na uzito wa tani moja. Kingo zikikataa kukaa, toa upepo wote na uanze upya. Tumia mpira mrefu wa pampu, usikae ubavuni mwa tairi, wala usiinamie juu yake. Kamwe rimu isichomelewe tairi likiwa juu yake, hata kama halina upepo: joto huugeuza mpira kuwa gesi, na tairi hulipuka.

Mwisho, nati zikazwe kwa kupishana, moja na ile inayoielekea, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha trekta, kisha zikazwe tena baada ya saa chache za kazi.

Jaribio na zoezi

1. Dereva akiwa peke yake juu ya trekta, na wanafunzi wakiwa kando, tia alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma. Pima umbali wa mizunguko 10 bila zana kazini, kisha mizunguko 10 trekta likilima. Ikiwa umbali wa kwanza ni meta 30.0 na wa pili ni meta 25.8, mtelezo ni asilimia 14. Mtelezo wa asilimia 10 hadi 15 unakubalika shambani. Ukifika 25, robo ya mwendo imepotea: kagua meno, upepo na uzito.

2. Katika mfano wetu, mzunguko mmoja wa gurudumu la mbele ungepaswa kusogea meta ngapi ili matairi ya nyuma ya meta 3.30 yatumike, na la mbele litangulie kwa asilimia 4 kama zamani? (Jibu: meta 2.145.)

Mwalimu aweza kulifanya zoezi hili kabla ya bodi ya shule kukaa kuidhinisha ununuzi. Hesabu hiyo ya nusu saa yaweza kuiokoa gia, fedha ya shule, na msimu mzima wa kilimo.