Kweli au Si Kweli: Dereva wa Lori Hufundwa na Barabara

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na karibu kila kitu kinachoweza kumshinda dereva mgeni kimo humo: foleni za mjini, wanyama wa Mikumi, mteremko wa Kitonga, milima ya Mbeya, msururu wa mpakani. Ndiyo maana watu wa malori husema barabara yenyewe ndiyo shule. Nakubaliana nao kwa sharti moja: mwalimu awepo, na awe macho. Sharti hilo ndilo linalosahaulika katika mengi tunayoambiana.

Utingo aliyezunguka miaka mingi tayari ni dereva. Si kweli. Utingo mzuri anajua kufunga turubai, kugonga matairi na kusikia trela likilia vibaya, na huo ni mtaji mkubwa. Lakini wengi huja kushika usukani kwa wizi: saa nane usiku dereva amechoka, anampisha, kisha anapanda kulala nyuma ya viti. Pale hakuna somo. Kijana yuko peke yake gizani na mzigo mzito, akikosea hakuna wa kumsahihisha, na kosa ambalo halikuleta ajali usiku huo analichukua kuwa ndiyo ufundi. Anayejifunza awe na leseni ya kujifunzia, na kando yake akae dereva mwenye leseni ya daraja la lori hilo, akitazama barabara.

Cheti cha chuo kinatosha. Si kweli, ingawa wanaokidharau chuo nao wanakosea. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na VETA pia, ndiko mahali pa kuelewa sheria, ukaguzi wa gari na mfumo wa breki za upepo bila haraka ya safari. Ila Kitonga haimo katika uwanja wa mazoezi.

Breki zikifeli mlimani, basi upepo umeisha. Mara nyingi si kweli, na hapa ndipo ningetaka kila mwalimu akae muda mrefu. Upepo wa lori ukiisha, springi zilizomo kwenye breki za nyuma hujifunga zenyewe, ndivyo zilivyoundwa. Kinachoua kwenye mteremko ni joto. Dereva anayeshuka akiwa amekanyaga breki muda wote huipasha moto dramu hadi inatanuka na kujitenga na lainingi, na lainingi nayo inapoteza ukali. Mshale wa upepo unaonyesha umejaa, mguu umefika chini, lori linaendelea. Breki ya mkono haitamwokoa, kwa kuwa inabana dramu zilezile.

Basi afundishwe kupunguza kabla mteremko haujaanza, aingie na gia nzito, ile ambayo angepandia mlima huo au chini yake, na awashe breki ya eksozi. Mwendo ukifika kikomo alichojiwekea, tuseme kilomita 30 kwa saa, akanyage kwa nguvu hadi ushuke karibu 20, kisha aachie kabisa dramu zipumue. Arudie hivyo hadi chini. Mara ya kwanza ashuke mchana, mwalimu akimwonyesha. Mara ya pili ashuke yeye, mwalimu akihesabu gia kwa sauti.

Kushuka na fri kunaokoa mafuta. Si kweli. Injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta hukata mafuta zenyewe gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa. Ukitoa gia, injini inadai mafuta ili isizimike, na wewe umebaki na breki ya mguu peke yake. Anayemrithisha mwanafunzi tabia hii anamrithisha kifo.

Mwanafunzi aanze na lori tupu. Nusu kweli. Kurudi nyuma na trela, kukata kona, kuzoea vioo na kujua kwamba upande wa kushoto na mbele kabisa ya bampa kuna watu usiowaona, yote hayo yajifunzwe lori likiwa tupu. Lakini tupu husimama kwa namna yake na lenye mzigo kwa namna nyingine, na tenki lililojaa nusu ni gumu zaidi, kwa sababu mafuta hukimbilia mbele unaposimama na kulisukuma gari. Mizigo ipandishwe kwa hatua. Wa kontena jepesi asipewe tenki la kwenda Lubumbashi wiki inayofuata.

Kumwashia wa nyuma indiketa ili aovateki ni msaada. Hapana. Hujui mwendo wa gari lake wala hofu yake. Mwache aone mwenyewe.

Dereva hodari hashindwi na usingizi. Si kweli hata kidogo. Saa za kuelekea alfajiri mwili wa kila mtu hudai kulala, na mirungi huficha uchovu bila kuuondoa. Mwanafunzi huchoka upesi kuliko mwalimu wake, maana kila jambo bado analifikiria. Kwa hiyo masomo ya mwanzo yawe mafupi, ya mchana, na usiku uje mwishoni.

Kumfundisha dereva mpya ni hasara kwa tajiri. Tajiri akipiga hesabu ya safari moja tu, ataona ni kweli. Mwalimu anayelipwa kwa safari hana sababu ya kusimama pembeni dakika 20 kumweleza kijana alichokosea. Kila kituo kinakula posho yake. Matajiri wanaotaka madereva, si washika usukani tu, wamlipe mwalimu posho ya kufundisha iliyo mbali na ya safari, na wamwache yeye ndiye aseme lini kijana yuko tayari kushuka Kitonga peke yake.