Je, Wajua? Shimo Jeusi na Jirani Yake wa Likasi

Je, wajua kwamba mwanafizikia Robert Oppenheimer na mwanafunzi wake Hartland Snyder walionyesha kwa hesabu kuwa nyota kubwa, moto wake ukizimika, yaweza kujiangukia bila kikomo, ikawa kile tunachokiita leo shimo jeusi? Andiko lao lilitoka tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland. Nani angesoma habari za nyota siku hiyo! Mwaka 1943 Oppenheimer alikuwa akiongoza maabara ya Los Alamos iliyounda bomu la Hiroshima, na urani nyingi ya bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, kilomita 20 hivi magharibi ya Likasi. Basi mtu wa Buluo, karibu na Likasi hiyo, akiambiwa mashimo meusi ni mambo ya mbali, abishe.

Nyota husimama kwa kuwa joto la ndani lasukuma nje huku uzito wake ukivuta ndani. Mchimbaji anaelewa: ukiondoa miti inayoegemeza shimo, juu kunashuka.

Dunia nzima ikibanwa hadi iwe shimo jeusi, hutoshana na gololi.

Je, wajua kuwa setilaiti yenye jina la Kiswahili ndiyo iliyotutia shaka ya kwanza kwamba mashimo meusi yapo kweli? Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Iliona eksirei za Cygnus X-1, kitu kilicho katika kundi la nyota la Cygnus, zikipepesa upesi mno. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa hivyo. Jioni za Septemba, ukiwa Buluo, kundi hilo la nyota liko kaskazini. Shimo lenyewe hutaliona, usijichoshe.

Na entropia? Ni hesabu ya namna vitu vya ndani vinavyoweza kupangwa bila sura ya nje kubadilika. Tupa ndani ya shimo jeusi tani ya shaba au tani ya makala (mkaa, kwa wasomaji wa pwani): kwa nje huoni tofauti. Mwaka 1972 mwanafizikia Jacob Bekenstein alidai entropia hiyo haipotei, na hupimwa kwa eneo la uso wa shimo, si kwa ujazo wake. Nusu kipenyo kikiongezeka mara 2, entropia huongezeka mara 4, wala si 8. Ajabu hiyo haijazoeleka hadi leo.

Mwanafizikia Stephen Hawking alimpinga, kisha mwaka 1974 hesabu zake mwenyewe zikamrudisha kwa Bekenstein: shimo jeusi lina joto, ingawa lenye uzito wa Jua halifikii hata sehemu 1 ya milioni 10 ya digrii juu ya sifuri halisi. Mwaka huohuo akawekeana dau na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alikubali kushindwa mwaka 1990, akalipa kwa gazeti la picha tusilolitaja hapa.