Hukwe Zawose

Hukwe Ubi Zawose (1938 – 30 Desemba 2003) alikuwa mwanamuziki wa Tanzania kutoka kabila la Wagogo. Alijulikana kwa kupiga zeze na ilimba, kwa sauti yake yenye upana mkubwa, na kwa uwezo wa kubuni muziki papo hapo alipokuwa jukwaani. Muziki wake ulitoka katika ngoma za kijijini ukakutana na gitaa na ala za kielektroniki.

Maisha

Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doma, mkoani Dodoma, katika familia ya wafugaji. Habari za kipaji chake zilimfikia Rais Julius Nyerere, aliyemwalika Dar es Salaam. Serikali ya wakati huo ilitaka sanaa za makabila ziwe sehemu ya utamaduni wa taifa jipya. Baadaye Zawose alihamia Bagamoyo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo huitwa TaSUBa. Aliishi mjini humo hadi kifo chake.

Ala

Zeze ni ala ya nyuzi inayofanana kimatumizi na fidla. Lina kisanduku kidogo cha sauti kilichowambwa ngozi, mti mrefu wa kushikia, na nyuzi zinazosuguliwa kwa upinde. Zeze la kawaida lina uzi mmoja au mbili. Zawose alipiga pia mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi zaidi.

Ilimba ni kisanduku cha mti chenye vipande vyembamba vya chuma vinavyobofywa kwa vidole gumba. Matundu yake hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo.

Ngazi ya sauti ya Wagogo hufuata sauti za asili zinazosikika ndani ya mlio wa uzi mmoja. Kwa sababu hiyo zeze, ilimba na waimbaji hukubaliana bila kutegemea ngazi ya piano.

Namna ya kupiga

Katika muziki huu ala hurudia mzunguko mfupi wa noti. Mpigaji hubadilisha mapigo au mkazo kidogo kidogo, huku kiongozi akiimba na kikundi kikiitikia. Mzunguko ukiwa imara, kiongozi ana uhuru wa kurefusha wimbo, kuingiza maneno mapya au kupandisha sauti ghafla. Zawose alitumia uhuru huo kikamilifu: aliweza kutoka sauti nzito ya kifuani hadi sauti nyembamba sana katika wimbo mmoja.

Ushirikiano na wanamuziki wa nje

Albamu ya *Tanzania Yetu* ilitoka Uingereza mwaka 1985. Mwaka 1996 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na Peter Gabriel, ilitoa *Chibite*, yenye muziki wa Kigogo usiochanganywa.

Mwaka 2002 ilifuata *Assembly*, aliyoitengeneza na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada aliyewahi kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan. Humo sauti na ala za Kigogo ziliunganishwa na gitaa na midundo ya kielektroniki. Mchanganyiko kama huo huweza kuifanya ala ya asili kuwa pambo tu. Zawose hakulazimika kuacha lugha yake wala ngazi yake ya sauti, kwa kuwa mizunguko mifupi ya Kigogo inaweza kubeba ala nyingine juu yake.

Urithi

Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake aliyeshiriki katika *Assembly*, alifariki mwaka 2004. Familia iliendelea na kazi. Mwanawe Msafiri alitoa albamu ya *Uhamiaji* mwaka 2017. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa *Maisha*. Kwa desturi wanawake wa Kigogo hujulikana zaidi kwa ngoma za muheme. Katika albamu hiyo wao ndio viongozi.