Jumba la Bush House na Lugha Zake

Wanafunzi wa Kiingereza huambiwa mara nyingi wasikilize redio ya London ili masikio yao yazoee matamshi ya lugha wanayoisoma, lakini ni wachache wanaoelezwa habari za jumba ambalo ndani yake sauti hizo zilitungwa na kupelekwa duniani kwa miaka zaidi ya 70, nalo ni Bush House, lililosimama baina ya barabara za Strand na Aldwych. Na wasikilizaji wa makamo wa pwani yetu, waliokuwa wakiandika anwani yake juu ya bahasha za salamu, walilijua kwa jina tu, kama mtu anavyomjua jamaa wa ng'ambo asiyepata kuonana naye.

Asili yake si ya redio hata kidogo. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, tajiri wa Marekani, Irving T. Bush, mwenye magati na maghala makubwa Brooklyn, New York, aliazimia kujenga London soko kuu ambamo wafanyabiashara wangeonyesha sampuli za mali zao chini ya paa moja. Akamkabidhi kazi ya kuchora ramani Harvey Wiley Corbett, msanifu wa nchi yake, na kiwanja kikapatikana katika ardhi iliyobomolewa nyumba zake za kale ili kupitisha Kingsway na Aldwych, barabara zilizofunguliwa mwaka 1905. Jengo la kati lilifunguliwa tarehe 4 Julai 1925, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na mabawa yakaendelea kuongezwa hata mwaka 1935. Ilipofika 1929 lilitajwa kuwa jengo la gharama kubwa kuliko yote ulimwenguni, kwani lilikwisha kula kiasi cha pauni milioni 2. Juu ya lango linaloelekea Kingsway zikasimamishwa sanamu mbili za Malvina Hoffman, mfano wa Uingereza na Marekani, pamoja na maandishi yanayoliweka jumba wakfu kwa urafiki wa mataifa yasemayo Kiingereza. Soko lenyewe halikusitawi, na vyumba vikapangishwa kuwa ofisi. Nami naona kwamba kukwama huko ndiko kulikoliletea fahari, maana soko la sampuli nani angelikumbuka leo?

Usiku wa tarehe 8 Desemba 1940, wakati wa vita vya pili vya dunia, bomu kubwa lililipuka nje ya Broadcasting House, makao makuu ya BBC, na idhaa zilizokuwa zikitangaza kwa lugha za Ulaya zikalazimika kutafuta maskani mengine, hata mwaka 1941 zikatua Bush House. Hivyo jumba lililowekwa wakfu kwa wasemao Kiingereza likajaa Wafaransa, Wacheki, Wapolandi, Wanorwe na wenzao waliokimbia nchi zilizotekwa, wakizungumza na ndugu zao ambao huko nyumbani walisikiliza kwa siri, ilhali kusikiliza kwenyewe kulikuwa hatia ya kumpeleka mtu gerezani. Wafaransa walisomewa hewani sentensi fupi zisizo na maana dhahiri, na wapiganaji wa chinichini waliokwisha agana juu yake wakatambua kuwa silaha zitashushwa usiku ule. Tarehe 30 Juni 1944 kombora la V-1 lilianguka Aldwych, likaua watu zaidi ya 40, na sanamu ya Marekani ikapoteza mkono.

Husimuliwa pia kwamba George Orwell alipata humo taswira ya mkahawa mchafu wa riwaya yake ya 1984. Hadithi hii inapendeza, lakini Orwell alifanya kazi katika jengo jingine la BBC, huko Oxford Street.

Mnamo mwaka 1958 idhaa nyingine za ng'ambo zilihamia humo, na ile ya Kiswahili, iliyosikika mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1957, ikawa miongoni mwa wakazi wake wa miaka mingi. Utaratibu wa kazi unastahili kuelezwa. Habari ziliandikwa kwa Kiingereza katika chumba kimoja kikuu, kisha kila idhaa ikazichukua na kuzisema kwa lugha yake, huku ikijua kwamba neno likiteleza hapo litateleza masikioni mwa maelfu. Sauti ikapelekwa kwenye mitambo ya mawimbi mafupi, ambayo hupaa, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana; na ndiyo sababu matangazo yalipanda na kushuka kwa majira na saa. Tangu mwaka 1988 kituo cha Ushelisheli kiliyapokea na kuyarusha upya kuja Afrika ya Mashariki, na usikivu ukawa bora.

Mafunzo ya Kiingereza kwa redio, yaliyoanzishwa na BBC mwaka 1943, nayo yalikuwa na makao humo. Mengi yalitolewa kwa sauti mbili, mmoja akisema Kiingereza na mwingine akifafanua kwa lugha ya msikilizaji, kwa kuwa asiye na ubao wala picha hana budi kurudia, kufupisha, na kumwachia mwanafunzi nafasi ya kutamka. Mwalimu yeyote angefaidika na nidhamu hiyo.

Lugha za jumba hilo zilikuwa na adui pia. Georgi Markov, mwandishi wa Bulgaria aliyekuwa akitangaza katika idhaa ya lugha yake, alichomwa mguuni karibu na Waterloo Bridge tarehe 7 Septemba 1978 kwa kidonge kidogo chenye sumu ya risini, naye akafariki siku nne baadaye.

Walakini BBC haikupata kulimiliki jumba hilo. Ilikuwa mpangaji tu, na wenye nyumba walibadilika, wakiwamo Kanisa la Wales na baadaye kampuni ya Kijapani. Mkataba wa pango ulipokaribia kwisha, idhaa zilihamia Broadcasting House iliyopanuliwa, na taarifa ya mwisho ya habari ikasomwa Bush House tarehe 12 Julai 2012. Baada ya hapo King's College London, chuo jirani, kilipanga majengo hayo, na vyumba vikakarabatiwa kuwa madarasa.