Bogenvilia ya Uzio: Majani Yake Yasikudanganye

Wakazi wengi wa kata zetu za ukanda wa pwani bado huzungushia makazi yao matawi ya miiba yaliyokatwa porini. Uzio wa namna hiyo hauna maisha marefu: mchwa huula, mvua huuozesha, na baada ya misimu michache mwenye nyumba hulazimika kurudi porini na panga lake. Uzio ulio hai wa bogenvilia hauozi, una miiba ya kutosha kumzuia mbuzi na mpita njia asiyealikwa, hubaki kijani kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ukishashika ardhi huvumilia kiangazi kwa maji machache mno. Kinachowarudisha nyuma wengi ni gharama. Bei ya mche mmoja kwa wauzaji wa kando ya barabara huonekana ndogo, lakini ikizidishwa kwa idadi inayohitajika kuzunguka kiwanja kizima, huwa mzigo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba mzigo huo unaweza kuepukwa. Bogenvilia iliyopo uani kwa jirani yatosha kuzaa uzio wa nyumba kadhaa, mradi mwenye kuiotesha aelewe jambo moja ambalo ndilo huwaangusha walio wengi: kipandikizi kikichipua majani, hiyo si dalili kwamba kimeota mizizi.

Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliukusanya karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa kuzunguka dunia ulioongozwa na nahodha Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo mmea unalolibeba hadi leo. Msaidizi wa Commerson katika safari hiyo alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika mavazi ya kiume ili aruhusiwe kupanda meli. Kile tunachokiita ua la bogenvilia, chenye rangi ya zambarau, nyekundu, chungwa au nyeupe, kwa hakika ni majani laini yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli chembamba cheupe kilichomo katikati yake. Aina nyingi zinazopandwa majumbani zimetokana na kuchanganywa kwa mbegu za jamii mbalimbali na ni nadra kuzaa mbegu zinazoota. Ndiyo maana huoteshwa kwa matawi, na ndiyo maana pia mche unaopatikana huwa na rangi ile ile ya mama yake. Mwenye kutaka uzio wa rangi moja achukue vipandikizi kutoka mti mmoja.

Tawi la kukata lichaguliwe kwa makini. Ncha changa za kijani hunyauka kabla ya kuota, na shina nene la miaka mingi huchelewa sana. Lifaalo ni tawi la msimu uliopita, lenye unene wa penseli, ambalo gome lake limeanza kuwa la kahawia na ambalo halina maua kwa wakati huo, kwa kuwa tawi linalochanua huelekeza nguvu zake kwenye maua. Kata asubuhi mapema, wakati tawi limejaa maji, kisha livingirishe katika kitambaa chenye unyevu hadi utakapofika nyumbani. Vaa glovu au funga mikono kwa kitambaa kizito, kwani miiba yake huchoma kwa kina na wapo watu ambao ngozi yao huwasha baada ya kuchomwa.

Kila kipandikizi kiwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20 na macho yasiyopungua manne. Upande wa chini kata kwa mshazari, chini kidogo tu ya jicho. Upande wa juu kata bapa, sentimita moja juu ya jicho. Tofauti hiyo ya mikato si pambo. Ukiwa na rundo la vipande arobaini mbele yako, ni rahisi mno kukipanda kimojawapo kichwa chini, na kilichopandwa hivyo hakitaota. Ondoa majani yote ya chini, ubakize mawili ya juu, nayo uyakate nusu. Kipandikizi hakina mizizi ya kuvuta maji, lakini majani yake huendelea kuyapoteza hewani. Kadiri majani yanavyokuwa mengi, ndivyo kinavyokauka upesi. Mwisho kwangua gome jembamba upande mmoja wa chini, kiasi cha sentimita mbili, kwa sababu mizizi hupenda kuchomoza penye jeraha. Unga wa kuchochea mizizi unaouzwa katika maduka ya pembejeo husaidia kuongeza idadi ya vinavyoota, ila asiyekuwa nao asiache kazi kwa ajili hiyo.

Udongo wa kuoteshea uwe mwepesi unaopitisha maji: sehemu mbili za mchanga wa mtoni kwa sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri. Mchanga wa baharini usitumiwe, kwa kuwa chumvi yake huua mizizi michanga. Samadi mbichi nayo iachwe, maana huunguza. Wapo wanaopenda kupanda vipandikizi vyote pamoja katika tuta moja na kuvihamisha baadaye. Kwa mimea mingine utaratibu huo ni mzuri, lakini kwa bogenvilia hatuushauri hata kidogo. Mizizi yake ni myembamba na hukatika kwa kuguswa tu. Ni heri kila kipandikizi kiwe na kiriba chake, au kopo lililotobolewa matundu chini, tangu siku ya kwanza.

Toboa shimo kwa kijiti kwanza, ili gome lisichubuke, kisha zika nusu ya kipandikizi, walau macho mawili yakiwa chini ya udongo, na ushindilie kwa vidole. Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini. Panga viriba mahali penye kivuli chenye mwanga, kwa mfano chini ya mwembe au upenuni, na uvifunike kwa karatasi ya nailoni angavu iliyoshikiliwa na vijiti ili unyevu usipotee. Funua kidogo kila siku hewa ipite. Baada ya hapo mwagilia tu pale uso wa udongo unapoanza kukauka. Vipandikizi vingi zaidi hufa kwa kuoza kuliko kwa kiu, na anayemwagilia asubuhi na jioni kwa huruma ndiye huviozesha.

Sasa tufike penye mtego wenyewe. Baada ya wiki mbili au tatu, macho ya juu hufunguka na vijani vidogo vyenye kung'aa hujitokeza. Mwenye bustani hufurahi, huondoa nailoni, huvitoa viriba juani, na pengine hupanda moja kwa moja kwenye mstari wa uzio. Ndani ya siku chache vyote hunyauka, naye huhitimisha kwamba udongo wake haufai au kwamba hana mkono wa kupanda. Ukweli ni kwamba majani yale yalilishwa na akiba ya wanga iliyokuwa imehifadhiwa katika shina. Chini ya udongo hapakuwa na mzizi hata mmoja. Mizizi ya bogenvilia kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi nane, na kwa baadhi ya aina huzidi hapo. Basi vikichipua, viache palepale vilipo. Vile vile zuia hamu ya kuking'oa kimoja ili kutazama. Kila anayeotesha mimea amewahi kushikwa na hamu hiyo, na kinachong'olewa hupoteza hata kile kidogo kilichokuwa kimeanza. Subiri hadi uone mizizi myeupe ikichungulia kwenye matundu ya kiriba, au shina likishikilia udongo unapoligusa kwa kulisukuma kidogo sana. Hapo ndipo uondoe nailoni kwa hatua, kisha uongeze jua wiki hadi wiki.

Kwa aina zinazokataa kabisa kuota kwa vipandikizi ipo njia nyingine: lilaze tawi refu la chini bila kulitenga na mama yake, likwangue upande wa chini, lifukie sehemu hiyo kwa udongo na kuikandamiza kwa jiwe. Mama ataendelea kulilisha hadi litakapoota mizizi, ndipo ulikate. Njia hii ni ya polepole na hutoa mche mmoja kwa tawi, lakini ni nadra kushindwa.

Kuhusu idadi, uzio wa mita 20 wenye nafasi ya mita moja kati ya mche na mche huhitaji miche 21. Andaa vipandikizi 40, kwani si vyote vitakavyoota. Ukivikata Aprili au Mei, wakati hewa ya masika ina unyevu, vitakuwa tayari kwa kupandwa mvua za vuli zitakapoanza Oktoba au Novemba. Wakati wa mvua kubwa vihifadhi visilowe kupita kiasi.

Siku ya kupanda, chimba shimo la sentimita 40 kwa 40 na uchanganye udongo wa juu na mboji. Usivute mche kwa shina. Pasua kiriba kwa wembe upande mmoja, ukibembe pamoja na udongo wake wote, na ukishushe bila kukitikisa. Miche mingi ya kununua hupotea katika dakika hii moja. Mwagilia mara mbili kwa wiki hadi msimu upite.

Mahali pa kupanda papate jua walau saa sita kwa siku, la sivyo utapata miiba na majani bila maua. Mbolea ya urea nayo huleta matokeo hayo hayo. Acha nafasi ya mita moja au zaidi kutoka kwenye njia ya waenda kwa miguu, maana miiba iliyo usawa wa macho ya mtoto ni hatari. Usipande chini ya nyaya za umeme, juu ya bomba la maji, wala ndani ya hifadhi ya barabara, ambako uzio unaweza kung'olewa wakati wowote barabara inapopanuliwa. Asiye na hakika ya mpaka wa kiwanja chake aulize ofisi ya Mtendaji wa Kata kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Wengine huuliza kama mnyaa au oleanda haviwezi kutumika badala yake, kwa kuwa huota upesi zaidi. Huota kweli; lakini utomvu wa mnyaa huumiza vibaya macho, na oleanda ni sumu kwa watu na mifugo, majani hata matawi yake makavu. Penye watoto na mbuzi tungependelea miiba.

Pogoa kila maua yanapopukutika, kwa kuwa maua mapya hutoka kwenye machipukizi mapya. Matawi yaliyokatwa yasitupwe barabarani, ambako hutoboa matairi ya baiskeli na pikipiki, wala kwenye mifereji ya maji ya mvua, ambako huziba njia ya maji. Yarundike pembeni mwa kiwanja hadi yakauke, na kabla ya hapo chagua yale yenye unene wa penseli uyatenge: ni vipandikizi vya jirani anayefuata.