Jiwe Lenye Umbo la Pembe ya Kondoo

Je, umewahi kuona jiwe lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume? Au kama kamba ya katani iliyokunjwa na kuwekwa chini? Mawe ya namna hiyo yapo. Mengine yamehifadhiwa katika nyumba za makumbusho. Wataalamu huyaita amonaiti.

Amonaiti alikuwa mnyama

Zamani sana amonaiti alikuwa mnyama wa baharini. Aliishi ndani ya kombe, kama konokono. Lakini ndugu zake wa karibu ni pweza na ngisi, wale wanaovuliwa Tanga na Pangani. Kombe lake lilikuwa na vyumba vingi. Mnyama mwenyewe aliishi katika chumba cha mlangoni. Vyumba vya nyuma vilikuwa na hewa, na hewa hiyo ilimsaidia kuelea. Amonaiti wote walikwisha karibu miaka milioni 66 iliyopita. Hakuna binadamu aliyewaona wakiwa hai.

Aligeukaje kuwa jiwe?

Mnyama alipokufa, alizama chini ya bahari. Nyama yake ilioza, kombe likabaki. Matope yalilifunika, tabaka juu ya tabaka. Baada ya muda mrefu sana matope yaligeuka mwamba. Mara nyingine kombe lenyewe liliyeyuka, likaacha nafasi wazi. Nafasi hiyo ilikuwa kama kalibu ya tofali. Maji yenye madini yaliingia, madini yakaganda humo, na umbo la kombe likabaki katika jiwe. Kitu cha namna hii huitwa kisukuku.

Kisha nchi iliinuka na bahari ikarudi nyuma. Ndiyo sababu vitu vya bahari vinaonekana leo katika nchi kavu.

Je, Handeni na Korogwe wapo?

Mawe mengi ya Handeni, na ya milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe, ni makongwe kuliko amonaiti wa pwani. Yalipata joto kali na kubanwa chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Katika mawe hayo watu hupata dhahabu na vito. Amonaiti hawamo.

Ukienda mashariki, kuelekea pwani, mawe hubadilika. Huko kuna mawe yaliyokuwa matope na chokaa chini ya bahari. Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, yamo katika mawe ya chokaa ya namna hiyo.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, Franz Stuhlmann alikusanya visukuku vya bahari katika nchi yetu, mahali panapoitwa Mtaru. Mwaka 1893 mtaalamu Alexander Tornquist aliandika habari zake huko Hamburg, Ujerumani. Wanyama hao waliishi karibu miaka milioni 160 iliyopita.

Jiwe hili lina faida gani?

Tazama kanga. Kina mama wanajua kanga ya mtindo fulani ilitoka miaka gani. Wakiikuta sandukuni, wanaweza kukisia umri wake. Amonaiti pia walibadilika umbo kila baada ya muda, na walienea katika bahari nyingi. Mtaalamu akiona umbo lake, anajua umri wa mwamba alimotoka.

Amonaiti wa kale wa Afrika Mashariki wanafanana na wale wa Kachi, nchini India, na wa Bukini. Zamani hizo India na Bukini zilikuwa karibu na Afrika, na bahari yao ilikuwa moja. Mawe madogo yanatusaidia kujua jambo hilo.

Karatasi iliyo kando ya jiwe

Katika makumbusho, kila kisukuku huwekewa karatasi ndogo. Karatasi hiyo husema kisukuku kilipatikana wapi, lini, na nani alikiokota. Karatasi ikipotea, jiwe linakuwa kama bubu. Linapendeza, lakini haliwezi tena kutueleza habari za mahali lilipotoka.

Basi ukikuta kisukuku unapolima au unapochimba kisima, usikivunje. Usikiuze kwa mpita njia. Kikiondoka bila maandishi, historia ya kijiji chako inaondoka nacho. Fanya hivi:

1. Kama kimo ndani ya mwamba, kiache hapo hapo. Weka alama.
2. Andika jina la kijiji, mahali penyewe, kina cha shimo na tarehe.
3. Mpe habari mwalimu au mtendaji wa kijiji, ili apeleke habari kwenye makumbusho.

Pia tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Anayetaka kuchimba ili kutafuta mambo ya kale anatakiwa kuwa na leseni. Akija mgeni kijijini kwa kazi hiyo, mkaribisheni, kisha mwombeni karatasi yake. Isomeni wenyewe.

Zamani wengi wetu tusingeweza kuisoma karatasi hiyo, wala kuandika ile ya kuweka kando ya jiwe. Sasa tunaweza.

Maswali

1. Ndugu wa karibu wa amonaiti ni wanyama gani?
2. Kwa nini amonaiti hawapatikani katika mawe ya milima ya Usambara?
3. Jiwe lisilo na maandishi limepoteza nini?
4. Jadilianeni: katika kijiji chetu kuna vitu gani vya kale ambavyo habari zake bado hazijaandikwa?